Kiatu cha Kushoto

Mimi giza siliogopi. Shule niliwaachia wenyewe nikiwa darasa la sita, lakini mto wa huku milimani naujua kuliko mwalimu anavyoijua chaki yake. Ukitaka samaki wa kitoweo, tupa ndoana pale darajani. Ukitaka samaki wa kuringia, panda hadi bwawa lililo chini ya maporomoko. Ila ushuke kabla jua halijaliacha jiwe kubwa la pale bwawani.

Vifaa ni kwa Bibi Mishipi, duka lingine hamna. Ukikodi fimbo yake ya kuvulia unamwachia kiatu cha kushoto, anakitundika msumarini. Cha kulia unakwenda nacho. Anasema mwizi hafiki mbali na kiatu kimoja.

Jioni ile mama alinituma nikamwite mdogo wangu, alikuwa hajarudi kutoka bwawani. Nikapitia dukani, nikamtania bibi kwamba viatu vyake vinanuka kuliko samaki. Hakucheka. Alikuwa anakitazama kiatu cha mdogo wangu pale msumarini.

Kilikuwa kinadondosha maji.

Ta... ta... ta...

Mvua hakuna. Paa zima.

“Mchana kilikuwa kikavu,” akaninong'oneza. “Mpelekee. Kama ni yeye, atakiomba.”

“Kama ni nani, bibi?”

Akafunga dirisha.

Nikapanda. Njia nzima naimba, kwa kujiburudisha tu, usinifikirie vibaya. Nilipofika, jua lilikuwa limeshaliacha jiwe. Yeye amekaa juu yake, amenipa mgongo, mshipi umelala majini. Hewa ilinuka matope ya chini kabisa, yale yasiyoona mwanga.

“We mvivu, mama anakutafuta.”

Akageuka, akatabasamu. Sura ni yake. Kovu la kidevuni ni lake. Akaniletea fimbo, akitembea taratibu juu ya mawe.

Alikuwa amevaa viatu vyote viwili.

Na cha kushoto nilikuwa nimekishika mimi.

Nikamnyooshea. Akakitazama kama mtu anavyotazama jani lililoanguka.

“Twende nyumbani,” akasema.

Ndipo nyuma ya maporomoko mtu akapiga mluzi. Mluzi wetu, mimi na mdogo wangu, tuliutunga tukiwa wadogo na hatujamfundisha mtu. Ukarudiwa... safari hii umechoka.

Unadhani niliruka majini? Hata mimi ningedhani hivyo.  Miguu ilishuka yenyewe, naye nyuma yangu.

Dukani, fimbo bibi hakuipokea mkononi, aliniambia niiegemeze ukutani. Kiatu alikikataa kabisa.

Mama alimkumbatia. Sasa huyo anamchotea mama maji kila asubuhi bila kutumwa, na mama anasema huyu mtoto ametulia, mwigeni. Nakula naye sahani moja. Sisikii uchungu, sisikii hasira. Natafuna tu.

Kiatu kiko chini ya kitanda changu. Hajawahi kukiomba.

Hakijakauka.

Na jioni, upepo ukiuleta ule mluzi kutoka juu, yeye ndiye anayeinuka kufunga dirisha.