Kipimo cha Kadibodi

Kwa jina la Mola, aliyeumba ulimi na akauzungushia meno ili usitoke ovyo, twaanza; na rehema zake ziwafikie wote wasemao kweli hata inapowaunguza.

Nyumba hiyo ilikuwa na watu watatu. Wa kwanza kwa heshima alikuwa bibi, ambaye mtoto wa jicho alimzibia nuru ya macho yote mawili. Wa pili alikuwa baba, seremala, mwepesi wa kutengeneza kila kitu, hata gari lake, na mwepesi zaidi wa kuwaka. Wa tatu alikuwa binti wa miaka kumi na miwili, aliyerithi mikono ya baba yake na, kwa bahati mbaya, hasira zake pia.

Asubuhi hiyo ya likizo binti alifagia ua, akamwandalia bibi chai, kisha akaenda kumpokeza baba spana kando ya gari. Diski za breki za mbele zilikuwa zimelika vibaya, nazo hubadilishwa mbili kwa pamoja. Alfajiri ya kesho yake bibi alitakiwa hospitali, mbali, kufanyiwa upasuaji wa jicho, nafasi aliyoingojea mwaka mzima.

"Chukua diski hii kuukuu," baba alisema, "umpelekee mzee wa spea. Ailinganishe na zake, kisha akupe jozi."

Binti alinuna. Diski ilikuwa nzito, imejaa kutu na grisi, na njia ilipita mbele ya kibaraza cha wanafunzi wenzake, ambao walikwisha kumbandika jina la Fundi Grisi. "Kila siku mimi, kila siku mimi!" alinung'unika. Nyuma ya nyumba akailaza diski juu ya kadibodi, akaizungushia penseli, akachora na matundu ya boliti, akaikata kwa mkasi. Kadibodi akaitia mkobani. Diski akaisukumia nyuma ya pipa.

Mzee wa spea aliuza vipuri vilivyokwisha kutumika. Ada yake ilikuwa moja: hauzi diski mpaka aiweke kando ya ile kuukuu. Aliitazama kadibodi kama mtu mwenye njaa aliyeletewa picha ya chakula.

"Mjukuu wangu, diski yenyewe iko wapi?"

"Baba kasema hii inatosha."

"Mduara nauona, matundu nayaona. Lakini huu mwinuko wa katikati, kama bakuli lililopinduliwa, kadibodi haisemi una kimo gani."

"Baba ameupima. Ni sawasawa na hizo zako," binti alijibu bila kupepesa hata ukope.

Mzee alisita. Mwishowe, kwa kuliamini neno la baba, akampa jozi.

Mchana baba alianza kuzifunga. Diski iliingia kwenye boliti bila taabu, lakini kalipa, ile koleo inayoibana diski, ilikataa kukaa. Akajaribu tena, jasho linamchuruzika. Ghafla akaitupa spana chini.

"Tapeli mkubwa! Kesho mama yangu aende hospitali kwa miguu? Twende! Leo atanitambua!"

Binti akamfuata nyuma.

Dukani mlikuwa na wateja. Baba alizibwaga diski juu ya meza.

"Umemwona mtoto, ukamtwika taka! Mwizi wa mchana!"

Mzee alisimama. "Teremsha sauti, bwana. Mimi si kiziwi. Wewe ndiye uliyeleta kadibodi, ukasema umepima!"

"Kadibodi gani? Nimeleta diski!"

"Kwa hiyo mimi ni mwizi, na mwongo pia?"

Mteja mmoja aliyekuwa ameshika pampu ya maji akairudisha taratibu mahali pake. "Kumbe ndivyo alivyo," akamnong'oneza mwenzake, wakaanza kutoka. Binti aliwaona.

"Baba, si yeye!" alipaza sauti. "Diski niliiacha nyumbani. Nilichora kadibodi. Hayo ya kupima niliyasema mimi, uongo."

Wale waliokuwa mlangoni wakageuka. Baba akainua mkono.

"La, bwana!" mzee alikemea. "Hasira yako leo imeshakosea mlango mara moja. Iache ipumue." Akamgeukia binti, macho bado makali. "Nawe usidhani nimekwisha kukusamehe. Kimbia, ukailete."

Akaileta, ameikumbatia kifuani, grisi imemtapakaa nguo. Kibarazani wakamzomea: "Fundi Grisi! Umebeba sinia la nani?"

"Nimebeba breki za bibi yangu! Nipisheni!" aliwafokea, asigeuke.

Mzee alilinganisha diski moja baada ya nyingine, mpaka akapata jozi iliyolingana kwa mduara, kwa matundu na kwa kimo. Hapo baba akasimama mbele ya wateja wale wale.

"Nilikuita mwizi mbele ya watu. Mbele ya watu naomba radhi."

"Nimesikia," mzee alisema. "Moyo ungali unachemka, lakini nimesikia." Kisha akamwinamia binti. "Mjukuu wangu, shika neno hili. Fundi mwenye haraka angeweza kuilazimisha diski ile ikakaa, na uongo wako ungekwenda barabarani na bibi yako. Grisi uliyoiogopa hutoka kwa sabuni. Jina la mwizi ulilokaribia kuniachia, sabuni yake hakuna."

Binti aliinamisha kichwa. "Nisamehe, babu."

Alfajiri gari lilisimama mbele ya lango la hospitali, taratibu, bila mkwaruzo. Muuguzi alipokuja kumshika mkono, bibi, aliyekwisha kusimuliwa yote, aligeuza uso kuelekea sauti za mwanawe na mjukuu wake.

"Ewe Mola, mimi naingia. Hawa wawili wanaobaki nje, hasira zao ni moja: zipoze. Wape ulimi wa kweli, uwahifadhi njiani, na unitoe humu nizione nyuso zao."

"Amina," wakaitikia.