Sauti za Jumapili

Foleni ya picha za pasipoti ilikuwa imetoka nje ya studio na kushuka ngazi hadi mlangoni pa benki, na watu wenye haraka zao walikuwa wanasonya. Pazia jeupe la kupigia picha lilikuwa limeanguka na bomba lake. Akaitwa fundi wa mapazia, mrefu, futi ya kupimia shingoni, pini nne kazibana mdomoni. Mpiga picha hakuwa na subira.

"Bwana, bomba utafunga baadaye. Lishike kwa mikono kwanza nimalize hawa."

Fundi akapanda juu ya kiti akalishika. Wa tatu kukaa mbele yake alikuwa dada mwenye gauni la kijani, nywele zimesukwa mistari myembamba iliyonyooka vizuri, hata fundi akasahau kwamba mikono inamuuma.

"Nani kakusuka?" akauliza, pini zikiwa mdomoni.

"Mwenyewe, kwa vioo viwili. Ndiyo kazi yangu. Na wewe usimeze pini ukaniharibia picha."

"Nikimeza utanipeleka hospitali?"

"Nitakupeleka kwa fundi mwenzako akushone."

Picha ya kwanza ikaharibika kwa sababu alikuwa anacheka. Ya pili ikaharibika kwa sababu pazia lilikuwa linacheka. Ya tatu ikakubali, lakini kufikia hapo namba za simu zilishabadilishana mikono, na foleni nzima ilikuwa inajua.

Wakapendana miezi minne, mapenzi ya mchana kweupe. Msusi akifunga saluni anapitia karakana ya fundi, anakaa juu ya majora ya vitambaa, wanakula na kutaniana huku dada mkubwa wa fundi, mkata vitambaa, akijifanya hasikii. Kisha pasipoti ikatoka, na kazi aliyoiombea ikaitika: saluni ya ndani ya meli ya watalii, mkataba wa miezi tisa.

"Miezi tisa ni mimba moja tu," msusi alisema siku ya kuagana, macho yamelowa. "Utanisubiri?"

"Nitakusubiri mpaka niote mizizi."

"Mtandao wa melini ni wa kununua kwa dakika, na mwendo wake wa kinyonga. Nitakuwa nakurekodia sauti chumbani nikipumzika. Tukitia nanga Jumapili, zote zinaruka kwako. Usichoke kunisikiliza, mpenzi wangu. Huko sitakuwa na mtu mwingine wa kuongea naye."

"Nichoke? Sauti yako hii?"

Na hakusema uongo. Mwezi wa kwanza na wa pili, Jumapili ikifika fundi anazima cherehani, anakaa pembeni na simu sikioni, anacheka peke yake mpaka dada yake anamtazama kwa huruma. Msusi alisimulia yote: mwenzake wa chumbani anayeimba usingizini, abiria mwenye nywele tatu anayetaka mtindo wa watu kumi. Fundi alimjibu moja baada ya nyingine.

Kisha ikaja kazi ya hoteli. Mapazia ya vyumba themanini, tarehe haisogei. Jumapili ikageuka siku ya kazi kama nyingine. Sauti zikiingia, fundi anabonyeza ya kwanza, anaiweka simu juu ya lundo la vitambaa, na zile sauti zinajicheza zenyewe moja baada ya nyingine huku cherehani mbili zinanguruma. Yeye anaokota neno hapa, kicheko pale. Mwisho wake anaandika: "Nimezisikia zote mpenzi. Umenifurahisha. Endelea hivyo hivyo."

Na kule melini alama zote zilikuwa zinageuka buluu, ushahidi kwamba kila sauti imesikilizwa. Msusi angejuaje?

"Huyu mtoto wa watu anaongea na vitambaa," dada yake alimwambia siku moja.

"Dada, akirudi tutaongea mpaka tuchoke. Sasa hivi acha nishone."

Zilipobaki wiki mbili mwezi wa tisa uishe, hoteli ilikuwa imeshapokea mapazia yake. Fundi akanyoa, akanunua shati jeupe lenye kola ngumu, akachonga na maneno ya kumposa msusi palepale bandarini. Jumapili meli ilipotia nanga akampigia.

"Msusi wangu, niambie siku. Nije na gari au nije na kitanda kabisa?"

Msusi akaguna.

"Fundi, mbona unanifanyia utani mbaya?"

"Utani gani?"

"Si nilikwambia? Bosi alinitaka nisaini miezi tisa mingine. Nikakwambia mimi nataka kurudi, ila nataka kusikia kwako kwamba unanitaka nirudi. Nikakwambia nasaini Ijumaa, nijibu kabla. Ukanijibu umesikia zote, umefurahi, niendelee hivyo hivyo." Sauti ikamkatika. "Nililia siku mbili. Nikasaini."

Fundi angeweza kudanganya, kusema mtandao, kusema simu iliibiwa. Ulimi ulikuwa tayari. Lakini dada yake alikuwa amesimamisha mkasi anamtazama, na yeye mwenyewe alishachoka na uongo wake.

"Sikuisikiliza," akasema. "Niliziacha zijicheze pembeni nikishona. Miezi mitano hivi."

"Mitano."

"Nisamehe."

"Nina mteja kitini," msusi akasema, akakata.

Asubuhi iliyofuata fundi hakuwasha cherehani. Akakaa juu ya majora akazisikiliza zote toka mwanzo, siku mbili nzima. Majuto ni mjukuu, na mjukuu huyu alikuja na begi lake. Alisikia siku msusi alipougua homa akalala peke yake akimtaja. Alisikia habari ya bibi mmoja mjane, abiria, aliyekuja kutengenezwa nywele kila asubuhi ingawa alikula peke yake. Alisikia, "Leo ni siku yangu ya kuzaliwa, najua hujasahau, najua utaniambia kesho." Alikuwa amesahau. Na aliisikia ile ya kusaini Ijumaa, sauti ndogo inayojikaza: "Sema neno moja tu, rudi, hata kesho nafungasha." Hapo fundi akalia kwa sauti, mtu mzima na pini zake, na dada yake akatoka akamfungia mlango wa karakana wateja wasimwone.

Jumapili msusi alipiga mwenyewe. Fundi hakungoja salamu.

"Rudi. Uvunje mkataba, nikuoe. Na kama hauvunjiki nitangoja hiyo tisa mingine. Nimezisikiliza zote sasa, ya kwanza mpaka ya mwisho. Yule bibi mjane, aliendeleaje?"

Msusi akapumua.

"Alishuka zamani. Siku ya mwisho alinikumbatia, nikaona leo Fundi ataniuliza habari zake. Nilikuwa na hamu uniulize wakati ule, mpenzi, siyo leo."

"Najua."

"Hujui. Mimi nilikuwa natunza maneno wiki nzima, hili nitamwambia Fundi, na hili. Nikidhani nina mtu. Kumbe nilikuwa peke yangu na sikuambiwa." Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuumiza fundi zaidi. "Nakupenda, sikufichi. Lakini nikirudi kwako, kila ukisema ndiyo nitajiuliza kama umesikia. Siwezi kuishi hivyo. Usinisubiri."

"Hata nikikuomba?"

"Hata ukiniomba."

"Bado una muda?"

"Dakika ishirini hivi."

"Basi niambie wiki yako ilikuwaje. Nakuomba tu hilo."

Msusi akakubali. Kisha akaanza kusimulia, taratibu: mteja aliyetaka rangi ya nywele inayofanana na ya paka wake, na mawimbi yaliyomwaga shampuu sakafu nzima. Fundi alisikiliza, simu ameibana sikioni, akacheka palipochekesha, akauliza palipohitaji kuulizwa. Kengele ya kupanda melini ikalia nyuma ya msusi.

"Haya, Fundi. Kwaheri."

"Kwaheri, msusi."

Dada yake alipofungua mlango alimkuta bado ameshika simu, na cherehani yake ina vumbi la wiki nzima. Akamuuliza msusi amesemaje. Fundi akamwambia yote, neno kwa neno, bila kusahau hata moja.