Aliyemjibia Damas

Dafrosa hakuwa mtu wa kuogopa ovyo. Majirani zake wa Kanyenye walisema angekutana na simba angemwambia apange foleni. Jumanne hiyo, saa nane mchana, alikuwa peke yake mnarani akitafuna karanga na kuongoza ndege, kwenye kiwanja kidogo magharibi ya Tabora. Kiwanja kile kilichongwa juu ya njia ya zamani ya misafara. Wapagazi na watumwa waliofia njiani walifukiwa pale pale. Wengine hawakufukiwa kabisa.

Ulikuwa msimu wa kuchoma mashamba, moshi umetanda. Ndege mbili zilikuwa zinakuja. Moja ni ya Murtadha, yenye abiria tisa. Nyingine, ya mizigo, aliirusha Damas akiwa peke yake. Damas ni mdogo wake Dafrosa, aliyemlea tangu mama yao alipofariki.

Damas alikuwa anaruka kwa macho. Rubani wa hivyo hujitazamia njia na kumkwepa mwenzake mwenyewe. Anayeruka kwa vyombo, yaani kwa kusoma mitambo ya ndege, mnara ndio humtenganisha na wengine. Kila mmoja akidhani mwenzake ndiye anayeangalia, hapo watu hufa.

“Dada, moshi umenifunika,” Damas alisema redioni. “Nihamishie kwenye vyombo.”

“Subiri. Murtadha yuko mbele yako, kimo kile kile. Unamwona?”

Redio ikakwaruza.

“Namwona. Naendelea kwa macho. Nitamkwepa.”

Sheria inamtaka rubani ataje namba ya ndege yake kila anapojibu. Huyu hakutaja. Lakini ndugu hawaitani kwa namba, na wawili hawa walishazoea kuipuuza sheria hiyo. Dafrosa akaridhika, akachukua karanga nyingine.

“Dada,” Damas akanong’ona. “Mbona kimya? Sioni kitu. Umeshanitenga naye?”

Dafrosa akatema karanga. “Si umesema unamwona?”

“Mimi? Sijasema neno.”

“Pinda kulia! Damas, pinda!”

Redioni palisikika pumzi. Nzito. Haikuwa ya Damas.

“Usukani haugeuki, dada. Umeshikwa.”

Moshi ukapasuka kwa moto. Bawa likashuka likizunguka, likakata paa la bohari. Ndege ya Murtadha ikajibamiza kiwanjani na kuchanika katikati. Mtu mmoja alitoka mbio akiwaka mwili mzima, akaenda hatua kumi, akaanguka. Hakuinuka.

Dafrosa aliteremka ngazi akipiga mayowe. Chini, alikanyaga mkono uliokatikia kwenye kiwiko, saa yake bado inatembea. Haukuwa wa Damas. Mungu amsamehe, alishukuru.

Ndege ya Damas ilikuwa imejikita vichakani, pua ardhini. Zimamoto walikata bati, naye akawasukuma apite. Mdogo wake alikuwa kiti cha kushoto. Shingo ilikuwa imesokotwa mpaka nyuma, na alama za vidole zilionekana chini ya taya. Dafrosa alimkumbatia hivyo hivyo, akamwita kama alivyokuwa akimwita utotoni.

Kisha akatazama kiti cha kulia. Mkanda ulikuwa umefungwa barabara. Ndani ya mkanda ilikaa mifupa mikavu ya mtu wa kale, haina hata doa la masizi, na shingoni ina pete ya chuma yenye kutu. Mikono yote miwili ilikuwa imeshika usukani wa pili. Wazimamoto walijaribu kuibandua wakashindwa. Ikabidi wavunje vidole kimoja kimoja.