Kivuli Kwenye Jicho la Geti

Ijumaa mchana. Chumba cha nyuma cha gereji, Nyakato.

Luhaga alichora ramani mezani kwa kidole chenye grisi. Hapa stoo ya mabondo ya sangara, vile vibofu vya samaki vinavyouzwa ghali ng'ambo. Hapa geti la umeme. Hapa barabara ya vumbi. Tajiri mwenyewe ni Msabato, Jumamosi nzima yuko kanisani na familia yake. Saa kumi mlinzi huvuka kwenda kunywa chai kwa mama ntilie, gobore begani. Hapo ndipo kirikuu, kigari cha mizigo cha Luhaga na mwenzake Chenge, inaingia. Mlinzi akiona geti linafunguka lenyewe, atadhani ni gari lililotumwa na tajiri. Akiona mtu kasimama getini, anapiga risasi.

Kufungua ilikuwa kazi ya Odeta, fundi wa simu na redio. Rimoti ya geti hilo iliwahi kuletwa kibandani kwake kutengenezwa, akainakili ishara yake kabla ya kuirudisha. Ilitumia mwanga usioonekana kwa macho, kama rimoti za televisheni. Ya kwake aliiunda ndani ya kiboksi cha sabuni, na ilikuwa balaa tupu. Ukisogea hatua tatu mbali na geti, imekufa.

"Basi Yakobo ataibeba mpaka getini," Luhaga alisema.

Yakobo, mdogo wake Odeta, tumbo moja, aliitikia kwa kichwa. Kichwa maji yule! Luhaga ndiye aliyempa pikipiki, basi kila neno la Luhaga kwake ni amri. Odeta alikivuta kiboksi upande wake.

"Nipe mpaka jioni," alisema. "Itafika ng'ambo ya barabara."

Aliielekeza kwenye kamera ya simu, ambayo huuona mwanga huo. Taa ikaonekana zambarau, hafifu kabisa. Kumbe transista aliichomea kinyume kwa haraka zake. Akaigeuza, akaweka rezista ndogo ili taa ipate umeme zaidi, akaongeza taa mbili na betri mpya. Jicho la king'amuzi kibovu, lile linalopokea mwanga wa rimoti, akalitundika mwisho wa gereji kwa majaribio. Safari hii ilikamata, ukuta kwa ukuta. Aliomba wakaijaribu nje, Luhaga akakataa katakata, majirani wana macho. Hakuna aliyebisha, hata Odeta mwenyewe, na huo ulikuwa ujinga wao wote.

Jumamosi, saa kumi.

Odeta alibonyeza akiwa ng'ambo, juu ya pikipiki, nyuma ya Yakobo. Geti halikutikisika. Akatazama kwenye kamera: taa zote tatu zinawaka. Ndipo akaliona jua. Lilikuwa linalipiga jicho la geti moja kwa moja, limelipofusha. Kule gereji walijaribu kizani.

Alimpigia Luhaga aliyekuwa akisubiri ndani ya kirikuu, akamweleza, akaomba wasubiri jua lishuke. Luhaga alimtukania mama yake. Kisha akaamuru Yakobo aende akalikinge.

Yakobo alikwenda, akajifanya anakojoa ukutani, kiganja kimeegemea juu ya jicho. Kivuli kikaliangukia. Odeta akabonyeza. Geti likafunguka, kirikuu ikaingia, geti likajifunga lenyewe. Sasa kutoka kulihitaji kivuli kile kile.

Mlinzi aliinua uso kutoka kwenye chai yake. Mtu gani anakojoa muda wote huo? Akachukua gobore, akaanza kuja.

"Yakobo, twende," Odeta aliita.

"Mpaka watoke."

"Anakuja na bunduki!"

"Nimesema mpaka watoke."

Hakubandua kiganja. Angekufa pale pale kwa ajili ya mtu aliyetoka kumtukania mama. Odeta alifungua kiboksi kwa hasira, akang'oa betri, akaziinua juu mdogo wake azione, akazitupa kwenye mtaro wa maji machafu. Kivuli hakikuwa na kazi tena.

Yakobo alimtazama kama mtu asiyemjua. Gobore likalia, tofali likapasuka kando ya bega lake. Ndipo akakimbia.

Pikipiki ilitoka mbio kuelekea barabara kuu. Nyuma, kirikuu ilikuwa inapiga honi ndani ya geti lililofungwa, na watu walikuwa wanatoka madukani na mawe mikononi. Odeta alimkumbatia mdogo wake kiunoni, akilia kwa furaha. Mzima, hana hata mkwaruzo.

Simu ikaita. Yakobo aliipokea na kuichomeka ndani ya helmeti, kama bodaboda wote, bila kupunguza mwendo. Sauti ya Luhaga ilisikika mpaka nyuma. Alikuwa anauliza nani amewauza.

"Ni dada," Yakobo alisema. "Katoa betri makusudi."

Mikono ya Odeta bado ilikuwa kiunoni mwake.