Mzee Shen Alisikia Sauti, Hakusikia Maneno

Mzee Shen Guoliang anaishi na binti yake, Lan, ghorofa ya tisa, katika mtaa wa Flemingdon Park, ughaibuni. Enzi za ujana alifanya kazi miaka sita Dar es Salaam, katika kiwanda cha nguo chenye mashine za kelele. Huko ndiko alikojifunza Kiswahili.

Kila Jumapili dada yake, Shuzhen, alimpigia simu kutoka mji wa kwao, Tianjin. Ndiye aliyemlea. Lakini mwaka juzi maneno ya dada yakaanza kumpotea. Alisikia sauti ikipanda na kushuka, ila hakujua anaambiwa nini. Akawa anajibu ovyo. Aibu ikamshika, akaacha kupokea simu.

Lan alimsemesha kwa kupaza sauti, haikusaidia. Alipompeleka kupimwa masikio, walimsomea maneno ya Kiingereza, lugha asiyoijua vizuri, na wakarudi nyumbani bila jibu. Mzee akaamini akili inamtoka. Alishinda chumbani, amegeukia ukuta.

Januari dada yake alifariki. Lan alimwambia mara tatu, hakuelewa. Mwishowe alimwandikia kwenye karatasi.

Jirani yao Azmina, mzaliwa wa Dar, alikuja kutoa pole. Yeye hufanya kazi kwenye kliniki ya masikio. Aliketi mbele ya Mzee, akamwamkia kwa Kiswahili, polepole.

"Bi Azmina, lugha ya mama yangu imenikimbia," Mzee akasema.

"Akili yako ni nzima, mzee wangu. Sikio la ndani ndilo limeharibika."

Akamweleza kuwa mle ndani mna vinywele vidogo sana vinavyonasa sauti. Kelele na uzee huviua, na havioti tena. Vile vinavyonasa sauti nyembamba ndivyo vinavyotangulia kufa. Kisha akamwomba maneno mawili ya Kichina yanayokaribiana.

"San ni tatu," Mzee akasema. "Shan ni mlima. Yana mlio mmoja, na siku hizi siyatofautishi nikiambiwa."

"Basi mlio unaupata. Kinachokupotea ni ile sauti ya mwanzo, s au sh. Hata mtu akupigie kelele, hairudi."

Safari hii alipimwa kwa Kichina, kwenye kliniki ya Azmina. Katika kila maneno kumi alitambua manne. Akapewa vifaa vya kusikia, na Azmina hakumficha kwamba havitarudisha yote. Lan naye akajifunza kuzima televisheni, kumtazama baba yake usoni na kusema taratibu.

Baada ya wiki chache Mzee alimpigia Yun, binti wa marehemu, kwa video ili aone midomo yake. Akamuuliza mama yake alisema nini siku za mwisho.

Yun akajibu: "Alidhani umemkasirikia, Mjomba. Kila Jumapili aliniuliza alikukosea nini."

Mzee aliinamisha uso, hata Yun akauliza kama amesikia au arudie.

"Usirudie," Mzee akasema. "Nimesikia kila neno."