Aliyekuja Kuomba Moto

Jirani yangu Paskazia alikuwa na kidole kimoja kilichopinda. Kidole cha mwisho, mkono wa kulia. Ng'ombe alimkanyaga angali msichana, mfupa ukaunga vibaya. Nakitaja mapema kwa sababu mtakihitaji.

Siku yenyewe ilianza kama siku yoyote. Tulikuwa uani kwake tukikanda mavi ya ng'ombe. Msikunje pua! Kwetu Usukumani, huku karibu na ziwa, miti iliisha siku nyingi, na kuni za kununua ni za walimu na wenye maduka. Sisi wengine tunakanda mavi mabichi kama mkate, tunayabandika ukutani, jua linakausha, tunapikia. Mkate wa Paskazia hata mtoto aliujua. Alama ya kiganja katikati, vidole vinne vimenyooka, cha tano kimegeukia pembeni kama mtu anayesikiliza umbea wa jirani.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa milango. Pale mjini Mwanza viwanda vya samaki vilikuwa vinaota kama uyoga. Minofu ya sangara ilipanda ndege kwenda Ulaya, sisi tukaletewa mapanki, ile mifupa na vichwa, tukakaanga na kumshukuru Mungu. Basi tukiwa katika hali hiyo, gari la chuo kikuu likaingia uani na kukanyaga mikate yetu yote tuliyokuwa hatujaibandika. Akashuka Getruda, na wenzake nyuma yake.

Getruda alikuwa mjukuu wa Paskazia. Mama yake alifariki akimzaa. Bibi alimlea kwa maziwa na uji, akauza ng'ombe mmoja baada ya mwingine, ada ya shule, sanduku, nauli ya treni, hadi mtoto akafika chuo kikuu Dar es Salaam.

"Shikamoo bibi. Shikamoo Mama Masele."

"Marahaba," nikamjibu. "Mmetukanyagia moto wa wiki nzima."

Wenzake wakacheka, ila hawakujua wanacheka nini.

Walikuwa wanafunzi wa fani mbalimbali. Mmoja alisomea miti, mwingine uchumi, kijana mmoja mpole aitwaye Pius alisomea udaktari, na Getruda alisomea mambo ya jamii. Walimu wao waliwaunganisha ili wakitazame kitu kimoja kwa macho mengi: watu wataishije leo bila kuwamalizia watakaozaliwa kesho. Wakasema jina lake ni maendeleo endelevu.

"Endelevu kama kikohozi changu," Paskazia akasema. Tulicheka hadi kuku wakakimbia.

Kitu walichokichagua kilikuwa moto wa jikoni kwetu. Wa miti akauliza misitu ilikwenda wapi. Wa uchumi akauliza samadi tunayoichoma ingetuletea mahindi kiasi gani kama ingelala shambani. Getruda akauliza ni nani nyumbani anayekaa na moto, akasahau kwamba yeye mwenyewe alikua mgongoni mwa huyo anayekaa na moto. Pius ndiye aliyeingia jikoni kwa Paskazia. Alikohoa akatoka, akarudi na tochi, akamfunua kope.

Macho ya Paskazia yalikuwa mekundu. Watu walikuwa wameanza kuyasema, kwa sauti ya chini. Na kwetu macho mekundu ya mwanamke mzee hayasemwi bure. Wapo waliokwisha kuuawa kwa kuitwa wachawi, kwa sababu ya macho tu.

"Ni moshi, bibi," Pius akasema. "Moshi wa samadi, miaka yote hii. Hakuna kingine."

Paskazia akamshika Getruda mkono. "Umesikia? Siku wakija kuniuliza, utawaambia."

"Nitawaambia, bibi."

Mimi nilikuwepo. Nilisikia kwa masikio yangu haya.

Haukupita muda, mtoto mchanga wa Shimba akafa. Shimba ndiye alikuwa mkubwa wa walinzi wa kijiji, mwanaume mwenye sauti ya kuitia ng'ombe hata anaponong'ona. Mkutano ukaitishwa kwenye ghala la zamani la pamba, lile la ushirika, ambalo sasa lilikuwa na popo tu ndani.

Asubuhi ya mkutano nikamwona Shimba amesimama na Getruda kando ya gari. Nikiona wawili wananong'ona, miguu yangu hunipeleka yenyewe. Nikajifanya natafuta kuku. Shimba alikuwa anasema kwa upole kabisa, kama baba: "Kazi yenu hapa inakwenda kwa ridhaa yetu, binti. Anayetetea wachawi atafungasha vitu, yeye na wenzake. Na shahada je? Utaipata wapi?"

Shimba alipoondoka, nikamsikia Getruda akimwita Pius na kumtuma mjini na gari akachukue vifaa. Leo hii hii. Sasa hivi.

Paskazia alikuja mkutanoni amevaa kitenge chake cha kanisani. Wote tulikuwa na hofu isipokuwa yeye. Shimba alipomaliza kumsomea maneno yake, kwamba ndiye aliyemroga mtoto, yeye akanyoosha mkono kuelekea waliposimama wanafunzi.

"Muulizeni mjukuu wangu. Ndiye msomi. Mwenzake alinipima, na yeye akiwepo."

Vichwa vyote vikageuka. Getruda akatazama viatu vyake. Vilikuwa viatu vizuri, vyeupe, vya kamba.

"Mimi nasoma mambo ya jamii," akasema. "Mambo ya macho siyo fani yangu."

Basi.

Niliinuka nikapiga kelele kwamba daktari alisema ni moshi. Wakaniambia nikae chini, na darasa langu la tatu. Paskazia hakulia. Alimtazama mjukuu wake kama mtu anayejaribu kukumbuka jina.

Hawakumpiga. Walimtenga. Asisalimiwe, asichote maji na wengine, asipewe moto. Na kwetu moto ukizimika unaomba kwa jirani, unakwenda na kigae cha chungu, unawekewa kaa la moto, unarudi nalo mbio. Dukani wakamnyima kiberiti. Hata mimi wakawa wananiuzia kwa njiti, wakijua njia zangu. Nikawa nampelekea kaa chini ya kanga, kwenye kigae changu chenye tundu la kamba, nikijifanya nakwenda chooni.

Masika ikaingia. Goti langu likavimba, na mwanangu Masele, aliyekuwa kibarua kiwandani Nyakato, akaja kunichukua nikatibiwe mjini. Siku ya kuondoka nilimpelekea Paskazia kaa la mwisho. Nikamwachia na kigae.

"Usiache uzimike," nikamwambia.

Nilikuwa Nyakato habari iliponifuata. Mvua ilikuwa imetoboa paa la jiko. Walimkuta ameketi mbele ya mafiga, majivu yameloa, mikono ameinyoosha mbele kama mtu anayeota moto. Walijaribu kuikunja. Ilikataa. Wakamzika hivyo hivyo.

Getruda hakuja kuzika. Kazi yao ilikamilika, ikasifiwa, na baadaye akaajiriwa na mradi wa wafadhili wa majiko sanifu, ofisi iko Nyamagana, madirisha ya vioo. Akatafuta chumba cha kupanga, akakipata Nyakato, nyumba ile ile aliyopanga Masele, ukuta kwa ukuta na sisi, maana goti lilikuwa halijaniachia kurudi kijijini. Niambieni kama hiyo ni bahati.

Sikumsemesha. Nilikuwa naanika nguo zangu nikimpa mgongo.

Mchana mmoja akaja mlangoni kwangu. Jua la Nyakato siku hiyo lingekaanga yai, yeye amevaa sweta.

"Bibi," akanong'ona, "na wewe unasikia harufu?"

Nikanusa. Mayu, mama yangu! Ilikuwa harufu ya kwetu. Mavi ya ng'ombe yanaungua. Nyumba nzima ile wanapikia mkaa, na kati ya viwanda vile hapakuwa na ng'ombe hata mmoja.

Akaniambia kwamba kila alasiri mtu anapiga hodi. Sauti ya chini, ya adabu. "Naomba kaa la moto." Alidhani ni mtoto wa wapangaji. Akifungua, hakuna mtu. Na siku hiyo kulikuwa na kitu kimeachwa kizingitini. Akakitoa chini ya sweta.

Kigae. Chenye tundu la kamba.

Nikakipokea. Kilikuwa cha baridi kama kimetoka kaburini.

Kuanzia hapo moto ukamkataa. Yeye, mtu wa majiko! Akiwasha mkaa, unazimika. Akisogelea jiko la mwenzake, linafifia, wenyewe wanaona. Alikula mikate mikavu ya dukani na maji ya bomba. Alilala na sweta mbili. Na macho yake yakaanza. Kwanza pembeni. Kisha yote.

Pius alikuwa sasa daktari mjini. Akaja na tochi yake, akamfunua kope.

"Ni moshi, Getruda."

"Moshi gani? Sipiki! Jiko langu haliwaki!"

"Moshi wa samadi. Macho haya niliwahi kuyaona." Akazima tochi. Halafu, polepole: "Siku ile ulinituma vifaa gani? Nilifika ofisini, hakuna aliyekuwa na habari navyo."

Getruda akavuta sweta yake hadi kidevuni.

Wapangaji nao wakaanza kusema, sauti ya chini. Nilizijua sauti zile. Mwenye nyumba akawakusanya uani, mchana kweupe, na Getruda akamshika Pius koti. "Waambie. Nakuomba, waambie." Na Pius, kijana wa watu, akawaambia. Kwa sauti kubwa. Kwamba ni moshi tu, hakuna kingine.

Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akauliza, "Moshi wa moto upi, daktari? Huyu si hana moto?"

Neno la Pius lilikuwa lile lile la kwa Paskazia. Lilichelewa tu.

Tangu siku hiyo, Getruda akipita, kila mtu alifunika jiko lake.

Akanijia asubuhi, macho kama makaa. "Nipeleke nyumbani, bibi. Nikamwashie."

Nikampeleka. Msinisifu kwa huruma. Nilitaka kuona.

Tulifika kijijini adhuhuri. Milango ikafungwa mmoja baada ya mwingine, tukiisikia. Tukaingia jikoni kwangu, nikawasha moto, yeye akasimama mbali. Nikachukua kaa kubwa, nikaliweka kwenye kigae, nikampa.

Halikuzimika. Likazidi kung'aa.

Akavuka uani nalo. Akafika kwenye jiko la Paskazia. Akavua viatu vyake vyeupe, akaviweka kizingitini, akainama, akaingia. Mimi nikabaki mlangoni. Ndani giza.

Nikamsikia anapuliza. Pumzi fupi, za mtu asiyezoea.

Fuu. Fuu.

Kisha pumzi nyingine. Ndefu. Ya taratibu. Pumzi ya mtu aliyepuliza moto maisha yake yote.

Zikawa zinapokezana. Fupi. Ndefu. Fupi. Ndefu.

Halafu Getruda akasema, kwa sauti ya kitoto, "Nitawaambia, bibi."

Pumzi zote mbili zikakoma.

Moshi ukaanza kutoka kwenye nyasi za paa. Nikaita. Sikujibiwa. Nikaita tena. Nikaingia.

Moto ulikuwa unawaka vizuri sana. Kigae kando ya mafiga. Hakuna mtu. Jiko lile lina mlango mmoja, na mlangoni nilikuwa nimesimama mimi.

Walimtafuta mashambani na kwenye mawe, wakamtafuta hadi ziwani, wakapekua hata kwenye magugu maji. Hawakupata hata uzi wa sweta. Ni mimi niliyezunguka nyuma ya jiko na kuona ukutani. Ng'ombe wa Paskazia walikwisha kuuzwa wote, zizi limeota majani. Lakini pale palikuwa na mikate miwili, mibichi, bado inachuruzika. Mmoja una kidole kilichopinda. Wa pili una kiganja chembamba, vidole virefu, na alama za kucha zilizotunzwa.

Tangu hapo, kijijini kwetu mtu akipiga hodi kuomba moto, anapewa. Hatumuulizi yeye ni nani, na hatumtazami usoni.

Shimba peke yake ndiye anayecheka. Anasema wanawake tuna maneno. Ingawa siku hizi macho yanamwasha, na akiulizwa anasema ni vumbi.

Juzi asubuhi nilipita kwake, nikijifanya natafuta kuku. Nikaangalia ukuta wake wa nyuma. Mikate miwili, mibichi, imekaa sambamba. Mmoja na kidole chake kilichopinda, mwingine na kucha zake.

Na kando yake pameachwa nafasi. Pamefutwa vumbi vizuri, pamelainishwa kwa maji. Upana wake ni wa kiganja cha mwanaume.