Kizimba cha Panya Watulivu

"Mzigo umeoza. Uzike."

Simu ikakatika. Jasusi aliyeitwa Kucha alielewa: maabara iteketezwe leo, kabla wanunuzi kutoka ng'ambo hawajaichukua dawa.

Alifunga kiwambo cha sauti kwenye bastola yake ya Beretta.

Jana aliingia humo kupiga picha. Mlishaji wa panya, mama mjane, alimwazima ufunguo na kumpa onyo moja.

"Kizimba cha mwisho usikiguse, mwanangu."

Alikigusa. Alimtoa panya mmoja, akamgeuzageuza kiganjani, kwa udadisi wa kijinga tu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wanasema. Hawasemi guu la nani.

Redio ikakoroma sikioni. "Wamemkamata yule mama mlishaji."

"Wamejuaje?"

"Hatujui. Wahi!"

Alipanda ngazi mbili mbili. Mlinzi alikula risasi ya koo akiwa bado anatafuna mkate.

Ndani, Daktari mwenye maabara alikuwa anaosha mkasi. Ukutani, panya walifungwa plasta miguu yote minne kwenye vibao, saa nzima kila siku. Hofu ilipandisha kimeng'enya katika tezi zilizo juu ya figo zao, na kutoka kwenye tezi hizo Daktari alipika sindano ya kuwatia mamluki wazimu wa vita. Panya wa kizimba cha mwisho hawakuteswa. Walikuwa wa kulinganishia.

Mama alikuwa kwenye ubao mpana. Damu ilidondoka sakafuni.

"Kila asubuhi nampasua mtulivu mmoja, nampima," Daktari alijigamba. "Miezi minane kimeng'enya kiko chini. Leo kimeruka hadi mara tatu ya kawaida! Kuna mgeni aliyemtisha. Na zaidi yangu, ufunguo anao huyu bibi peke yake."

Kucha alimpasua goti kwa risasi, akamwinamia mama.

"Mwanangu... uliwagusa?"

"Sikuwagusa, mama."

"Nilijua. Wewe msikivu."

Akakata roho akitabasamu. Kucha aliona aibu iliyomchoma kuliko risasi yoyote aliyowahi kupigwa.

Alimburuta Daktari hadi kwenye ubao, akamfunga plasta mikono na miguu. Akatega bomu.

"Niue sasa hivi, nakuomba!"

"Saa nzima," Kucha alisema. "Kama wao."

Alimbeba mama mpaka nje, akamlaza kwenye gari, akamfunika kwa koti lake. Kisha akakaa, akasubiri. Saa ilipotimia, madirisha yote yaliruka.

Redio ikauliza, "Vipi, mama alisema walimjuaje?"

"Hakusema," Kucha alijibu, akawasha gari.